Mwaka wa Hajra Kibaha

Alhamisi, Aprili 3

Nimerudi Mzenga peke yangu. Mwanangu Hajra nimemwacha Kibaha kwa shangazi yake, Sada, dada wa mume wangu Hamidu. Atakaa huko mwaka mzima, kuanzia Idd ya mfungo iliyopita mpaka ya mwakani, asome shule ya pale na kufundishwa ngoma na Mwalimu Rosalia.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Hamidu nilibishana naye mwezi mzima juu ya jambo hili, na nikamshinda. Siwezi sasa kwenda kumlilia.

Hajra ana miaka sita. Tangu ajue kusimama hajawahi kusikia mdundo akatulia. Twanga mahindi, anacheza. Gonga sufuria, anacheza. Mwaka jana tulikwenda kumtembelea Sada, akapotea. Tukamkuta dirishani kwenye ukumbi wa mtaani, amening'inia kwenye nondo, anaangalia watoto wenzake wakifundishwa. Mwalimu alikuwa ameshamwona. Akatoka, akamshika kifundo cha mguu, akaniambia, "Huyu nipe."

Lakini alitoa sharti. "Simchukui mtoto kwa mwezi mmoja, mama. Nawapanga safu, kila mmoja anamtegemea mwenzake. Ukimtoa katikati, wenzake wote wanaanguka. Mwaka mzima, au umwache alipo."

Hamidu alikataa. "Mtoto wa miaka sita akatikise kiuno Kibaha? Huku ngoma hakuna?" Nikamwambia mimi nilipokuwa na umri wa Hajra, kitu pekee nilichofundishwa kwa utaratibu ni kupalilia. Siku kadhaa baadaye akasema, "Haya. Ila mwaka ni mwaka. Nisije kusikia umemkumbuka."

Nikasema sawa. Nilisema kwa mdomo wangu.

Jumapili, Aprili 6

Nimepika wali wa watu watatu. Umebaki.

Jumamosi, Aprili 12

Leo amefundishwa kwa mara ya kwanza. Jioni Sada alipiga, akampa simu.

"Mama, leo hatukucheza!"

"Mmefanya nini sasa?"

"Tumekaa chini tumesikiliza. Mwalimu kasema masikio ndiyo yanacheza, miguu inayafuata tu."

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mboga. Akauliza wataanza na ngoma gani. Hajra akasema mdundiko. Mama mkwe akaacha mboga. "Huyo mwalimu si mtu wa Kanda ya Ziwa? Mtoto wa Kizaramo tumempeleka kwa Msukuma akafundishwe mdundiko wetu!" Akacheka mpaka akajifuta macho. Na mimi nikacheka. Hamidu alikuwa nje anapanga kuni, lakini nilimwona bega linatikisika.

Jumanne, Aprili 15

Mvua ya kweli imeanza. Imenyesha toka alfajiri bila kupumua.

Jumamosi, Aprili 19

Sada alisema Pasaka shule zikipumzika atamleta kwa siku mbili. Nilikuwa nimeshaanika godoro lake juzi kulipotoka kijua. Leo akapiga: "Wifi, mvua hii nitapita wapi na mtoto? Na mwalimu anafundisha leo, hataki wakose."

Nikasema, "Basi wifi, hamna neno." Mtoto tumboni, ana miezi minane sasa, akageuka wakati ule ule, nikakaa chini.

Jumatano, Aprili 23

Kalavati la bondeni limesombwa. Kwenda Mlandizi kupanda gari la Kibaha sasa ni kuvuka maji kwa miguu, na maji yenyewe yanakwenda mbio. Hamidu alikwenda kuangalia, akarudi suruali imelowa mpaka mapajani. Akavua, akaikamua, akaitundika.

Mihogo ya bondeni imeanza kuoza.

Jumamosi, Aprili 26

Hajra anaumwa.

Sada alipiga asubuhi. Joto kali toka jana, anatapika, amempeleka kupima, ni malaria, na kali. Wamempa dawa na wamemchoma sindano. Nikasema nakuja. Sada akasema, "Wifi, unakujaje na tumbo hilo? Tulia. Mimi nipo."

Mimi nipo. Ndilo neno ambalo mtu angetaka kulisikia. Sijui kwa nini lilinichoma.

Nikamwomba anipe nizungumze naye. Nikasikia simu inasogezwa, nikasikia pumzi zake, fupi fupi. Nikaita, "Hajra. Mama." Akasema, "Mama, kichwa." Basi. Halafu nikamsikia Sada kwa mbali, "Njoo, lala hapa mama yangu, lala kifuani," na simu ikakatika.

Hamidu alikuwa ameshatoka. Alikwenda mpaka bondeni na vijana wawili na kamba. Mimi nikajifunga kanga nikasema nitapita njia ya reli, nitembee juu ya tuta kadiri nitakavyoweza. Nilifika uani tu. Mama mkwe akanishika kanga kwa nyuma, hakuiachia.

"Niachie mama."

"Sikuachii."

"Ni mwanangu!"

"Na huyo uliyembeba ni wa nani? Ukidondoka relini huko nitamwambia nini Hamidu? Kaa, Mboni. Kaa."

Nikakaa kwenye tope, pale pale. Naye akakaa na mimi, mtu mzima yule, na nguo yake safi, mvua inatupiga wote wawili.

Hamidu alirudi mchana. Kamba ilikatika na kijana mmoja nusura aende na maji. Hakuniangalia. Alisema, "Nimeshindwa, Mama Hajra." Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Alasiri nikapiga, Sada hakupokea. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka simu ikazima. Hatuna umeme toka Alhamisi, na jua la kuchajia halijaonekana wiki nzima.

Jumapili, Aprili 27

Hamidu amechajisha simu kwenye pikipiki ya Rajabu wa dukani. Homa ya Hajra bado. Amekunywa uji kidogo, ameutapika.

Nimefua nguo za Hajra zilizobaki hapa, ambazo zilikuwa safi.

Jumanne, Aprili 29

Homa imeshuka. Alhamdulillahi.

Sada alisema Hajra alilazwa hospitali usiku wa Jumamosi, na yeye akakesha kwenye kiti, hakufumba jicho. Hakutuambia mapema asije akatutia wazimu. Nikamshukuru mpaka nikaishiwa maneno. Na yote niliyosema niliyasema kwa dhati. Halafu akampa Hajra simu, na cha kwanza alichosema ni, "Mama, nimekosa ngoma Jumamosi. Wenzangu wamejifunza kugeuka."

Jumatatu, Mei 5

Mvua.

Jumamosi, Mei 10

Nesi wa zahanati amenipima, akakunja uso. Mtoto amekaa vibaya kidogo. "Mama, ukisubiri uchungu ukuanzie huku, hiyo barabara ndiyo itakayokuzalisha. Nenda ukakae karibu na hospitali."

Karibu na hospitali maana yake kwa Sada.

Ningefurahi kabisa kama ningekuwa mtu mzuri zaidi. Nilifurahi, lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya furaha, kama jiwe kwenye mchele.

Jumatatu, Mei 12, Kibaha

Tulivushwa bondeni kwenye tela la trekta, mimi na wajawazito wengine wawili na mbuzi wa mtu. Kutoka Mlandizi barabara ni lami.

Hajra alikuwa mlangoni. Amerefuka, au amesimama wima zaidi. Amesukwa nywele vizuri, hata mstari mmoja haujapinda. Nilitegemea atanirukia. Alikuja, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mama. Pole na safari." Kama mgeni anavyopokewa. Nikasema marahaba. Ndipo akanikumbatia, kwa uangalifu, pembeni mwa tumbo.

Baadaye alinishika mkono akanipeleka uani. "Mama, maji ya kuoga yako hapa. Sabuni hii hapa. Taulo la wageni ni lile la kijani."

Nilioga muda mrefu. Nilijimwagia maji usoni mara nyingi.

Sada amenipa kitanda chake. Yeye na Hajra wanalala sebuleni kwenye godoro, wanacheka mpaka usingizi unawachukua.

Jumamosi, Mei 17

Leo nimekwenda ukumbini.

Wazazi tulikaa kwenye mabenchi nyuma. Sada alikuwa bado yuko nje anamalizana na mwenye mahindi ya kuchoma. Watoto wakaingia kwa safu, wamefunga vitambaa kiunoni. Hajra wa tatu, nyuma ya mtoto mmoja anaitwa Nathan. Ngoma zikaanza polepole, na nikaona kile alichonieleza kwenye simu. Wote walisimama kimya kwanza, macho chini, wanasikiliza. Kisha miguu ikaondoka pamoja.

Sijui kuandika juu ya ngoma. Nitasema tu kwamba nyumbani Hajra alikuwa anarukaruka kama kifaranga, na leo alikuwa hafanyi kitu kisichotakiwa. Mguu ulikuwa unangoja. Alikuwa anajua kungoja! Mwanangu ambaye uji ukiwa wa moto analia.

Walipomaliza, Mwalimu Rosalia akapiga makofi, akaita, "Mama Hajra! Mama Hajra, njoo mbele nikuonyeshe kitu."

Nikainuka. Ilinichukua muda kwa sababu ya tumbo. Mwalimu akaniangalia, akatabasamu kwa adabu. Ameniona mara moja tu mwaka jana, na sikuwa na tumbo hili. Akasema, "Samahani dada, wewe kaa upumzike. Namwita Mama Hajra, yule pale."

Sada alikuwa amesimama mlangoni, mahindi mkononi.

Ukumbi haukunyamaza. Watoto walikuwa wanapiga kelele, wapiga ngoma wanakaza ngozi. Sada alinitazama, na nilimwona anavyopotea pale mlangoni, anasubiri niseme. Hajra alikuwa anakunywa maji, hakusikia.

Mwalimu akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Mimi ni wa nyumbani kwao."

Nikakaa.

Jumapili, Mei 18

Sikulala, na nadhani Sada hakulala. Asubuhi Hajra alipokwenda madrasa, Sada akaja akakaa sakafuni, mimi niko kitandani kwake.

"Wifi, nitukane."

Nikasema sina tusi.

"Siku ya kwanza ya mafunzo mwalimu alikuwa ameshakusahau wewe aliyekuona mwaka jana. Akauliza, mama wa huyu nani? Nikaitika. Sikupanga, Mboni. Naapa sikupanga. Nilitaka kusema shangazi, mdomo ukaitika." Alikuwa anachuna uzi kwenye mkeka. "Halafu akaita tena Jumatano. Nikaitika tena. Mtaani wakaanza. Mpaka muuza maziwa. Miaka mingapi nimekaa hapa naitwa Dada Sada, naitwa Shangazi Sada, na mume akaondoka kwa sababu hiyo hiyo ya kutozaa. Nikaona siku moja sio mbaya."

"Na Hajra anakuitaje?"

"Shangazi. Sijawahi kumwambia aniite vingine, na Mungu anaona." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alipokuwa na homa aliniita mama. Lakini alikuwa anakuita wewe. Nilijua ni wewe anayekuita. Nikaitika hivyo hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilikuwa na maneno makali, nimeyapanga vizuri. Nikamwangalia amekaa chini, na miguu yake imevimba kwa kusimama kutwa kwenye biashara, na nikakumbuka kile kiti cha hospitali. Maneno yakabaki mdomoni kama chakula kisicho na chumvi. Nikamwambia, "Mwambie mwalimu ukweli."

"Nitamwambia."

Jioni amenipikia mchuzi wa samaki bila pilipili, kama ninavyopenda.

Alhamisi, Mei 22

Uchungu ulianza asubuhi. Sada akanipeleka. Ilikuwa ngumu. Aliruhusiwa kuingia mwishoni, akanishika kichwa, mimi nikamng'ata mkono, hakuutoa.

Mtoto wa kiume. Salehe. Mzima.

Sada ndiye aliyemshika kabla yangu. Akamnusa, akanipa haraka, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Jumapili, Mei 25

Mvua inapungua. Maziwa yametoka.

Alhamisi, Mei 29

Leo ni siku ya saba ya mtoto. Hamidu na mama mkwe walifika mapema, bondeni sasa panapitika. Salehe akanyolewa, ikasomwa dua, watu wa mtaani wakala wakaondoka. Hajra alipewa mdogo wake apakate, akasema ana vidole kama karanga za kuchemsha.

Tulipobaki wenyewe mama mkwe akakohoa. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Hamidu aliangalia dirishani.

"Mboni, mwanangu," akasema. "Mungu amekupa mwingine, na wa kiume, na bado u kijana. Huyu Sada unamwona. Sisi kwetu mtoto hagawanywi, lakini huazimwa. Hajra amezoea hapa, shule ni nzuri, ngoma yake hii hapa. Tumeona na mwenzio, mwaka ukiisha asirudishwe. Abaki na shangazi yake, amtue mzigo wa upweke."

Nikamgeukia mume wangu. "Mmeona na nani?"

"Mama Hajra," akasema Hamidu, "si wewe ndiye uliyetaka aje? Mimi nilikataa. Ukaniambia huku ndiko kwenye maisha. Sasa kwenye maisha amefika."

Kila nilichotaka kusema, nilikuwa nimeshakisema mimi mwenyewe Machi, kwa upande wa pili. Nilikuwa nimekaa na kitambaa kwenye kifua, mgongo unauma, na watu wawili ninaowaheshimu wananitazama kwa upole. Wangenifokea ingekuwa rahisi. Nikamtazama Sada nikitegemea atasema kitu. Alikuwa amefumba macho. Anaomba nikubali, nikaona. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeomba.

Nikasema, "Hapana."

Sauti ilitoka ndogo sana. Mama mkwe akasema, "Eti?"

"Mwaka nilioutoa nimeutoa. Nilimwahidi mwalimu, nikamwahidi Hamidu, simtoi mtoto katikati. Lakini siku ya Idd mwakani nakuja kumchukua. Mkitaka nichukieni."

"Hakuna anayekuchukia," akasema mama mkwe, na akaanza kukunja kanga yake upya, ambayo ilikuwa imekunjwa vizuri. "Mwaka ni mrefu. Tutaona."

Tutaona. Nikajua kwamba sijashinda kitu. Nimesema tu. Mwaka mzima wa Hajra utapita hapa, mimi niko kule na jembe na mtoto mgongoni, na itakapofika Idd sijui nitamkuta nani.

Ndipo tukamwona Hajra amesimama kwenye pazia. Hatujui alianza kusikia wapi.

"Kwa hiyo mwakani narudi nyumbani?" akaniuliza.

"Ndiyo mama."

Akafikiri. Akifikiri siku hizi anasimama na uzito kwenye mguu mmoja, kama alivyofundishwa.

"Na shangazi atabaki na nani?"

Hamidu alitoka nje. Salehe akaanza kulia, na wote watatu tukanyoosha mikono kumchukua.

Jumamosi, Mei 31

Sada alimwambia mwalimu leo. Nilikuwepo. Mwalimu Rosalia alinishika mikono miwili, akaniomba radhi tena na tena, mpaka nikamwambia basi. Kisha alipowapanga watoto akaita kwa mazoea, "Mama Hajra, nisaidie kitambaa hiki." Akajishika mdomo. Sada hakuinuka. Nikainuka mimi, nikaenda, nikakifunga kile kitambaa. Sikujua kinafungwaje. Hajra akanielekeza kwa kunong'ona.

Jumanne, Juni 3

Mvua imekatika. Mama mkwe anataka arobaini niimalizie nyumbani kwake, na Idd ya kuchinja iko karibu. Hajra hatakuja kwa Idd. Watacheza ukumbini siku ya pili, na yuko safu ya mbele.

Hamidu alipata gari ya kutufikisha. Hajra hakulia. Alimbusu Salehe kwenye unyayo, akanibusu mimi, akasema, "Mama, usipande tela tena, linarusha." Nikasema sitapanda. Nilitaka kumwambia neno moja atakalokaa nalo, neno la mama. Nikamwambia, "Ukitoka jasho usinywe maji ya baridi."

Sada alinikumbatia kwa muda mrefu.

Gari ilipoondoka nikageuka kuangalia. Nilidhani watakuwa wamesimama wanapunga. Walikuwa wameshaanza kurudi, wameshikana mikono, njia yote imejaa madimbwi. Hajra alikuwa anamwonyesha shangazi yake namna ya kuyaruka, uanze na mguu upi, utue na upi. Na Sada, mtu mzima, kanga ameishika magotini, anaruka.